Njooni na Hotuba ya Mwaka Jana: Barua ya Wazi kwa Viongozi Mnaohutubia Nkome

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Geita, mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mheshimiwa mbunge, waheshimiwa madiwani, na ninyi waheshimiwa mawaziri mnaotufikia mara moja moja na msafara wenu: nawaandikia ninyi.

Barua hii si ya kuomba barabara wala kisima. Inahusu maneno. Sisi wa Nkome tumehutubiwa sana kuhusu mazingira: mwaloni, shuleni, kwenye uwanja wa mpira, na redioni tukiwa tumekaa chini tunashona nyavu. Sishangai, maana tunakaa mahali pa kuhutubiwa. Mbele yetu kuna Ziwa Victoria, na ng'ambo kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977. Nyuma yetu kuna dhahabu ya Geita, ya mgodi mkubwa na ya maduara ya wachimbaji wadogo. Katikati tupo sisi tunaovua, tunaokata kuni, tunaolima mihogo, na wengine wetu wanaokimbilia machimbo ya Rwamagasa samaki wakiadimika kisha wakarudi mwaloni dhahabu ikiwakataa. Karibu kila kosa la mazingira lililoandikwa kwenye sheria, hapa Nkome lina mtu wake.

Kwa kuzisikiliza hotuba hizo mwaka baada ya mwaka nimeijua kanuni yake. Jambo jema lina mwenyewe: Serikali imepanda, Serikali imegawa, Serikali imeteketeza nyavu haramu. Mwenyewe hutajwa kwa jina, kwa wadhifa na kwa awamu. Jambo baya halina mwenyewe: misitu imetoweka, ziwa limechafuliwa, samaki wamepungua. Ikibidi mwenyewe apatikane, hupatikana upesi, naye ni mwananchi asiye na elimu. Ndiyo maana hotuba nyingi huishia palepale, kwamba Serikali itaendelea kutoa elimu. Mvuvi aliyekulia ndani ya mtumbwi anaelimishwa samaki wanazaliana wapi, na anayemwelimisha ni afisa aliyewasili juzi kwa uhamisho. Tunapiga makofi. Ni adabu tu, waheshimiwa.

Nianze na miti, maana ndiko mnakoanza ninyi.

Kila halmashauri nchini imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Halmashauri zetu zinakaribia 190. Anayejua kuzidisha ataona kwamba ni zaidi ya miti milioni 270 kila mwaka. Kama yote iliyotangazwa kupandwa ingekuwa hai, kutoka Katoro hadi Nkome tungekuwa tunatembea na tochi mchana. Hatutembei na tochi. Tunatembea juani, tena vumbi linatufuata.

Na siku mnayoipenda zaidi ni tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani. Sijui ni nani aliyeamua kwamba siku hiyo ndiyo ya kupanda miti Kanda ya Ziwa. Masika yetu huwa yamekwisha Mei. Juni upepo unavuma ukiwa mkavu, ardhi inaanza kupasuka, na hakuna mkulima wa Nzera wala Bugulula anayetia mbegu ardhini siku hiyo. Serikali yenyewe inalijua hilo, ndiyo maana Siku ya Taifa ya Kupanda Miti imewekwa tarehe 1 Aprili. Lakini wageni na kamera huja Juni.

Mnachokiona ninyi siku hiyo ni dakika kumi. Sisi tunaona na siku zinazotangulia na zinazofuata. Shimo limechimbwa jana yake na wanafunzi, likazungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Mche umeshatolewa kwenye kiriba. Mheshimiwa anavalishwa glavu, anapewa koleo, anatia udongo mara tatu, anamimina maji kwa kopo, picha zinapigwa, msafara unaondoka na king'ora chake. Pembeni kunabaki kibao cha bati chenye jina, cheo na tarehe. Anayeachiwa mti ni mtoto wa darasa la tano, aliyeagizwa aje na kidumu cha maji kila asubuhi. Shule zinafungwa Juni hiyo hiyo. Mbuzi hawana likizo. Shule zikifunguliwa Julai, kibao kipo, mti haupo, na mwaka unaofuata shimo jipya linachimbwa hatua chache kutoka lile la zamani.

Halafu kwenye taarifa ya utekelezaji tunasikia: "Tumepanda." Ni kweli, mmepanda, wala hamjadanganya. Kuna idadi moja tu isiyosomwa jukwaani, ya ile iliyo hai, na ndiyo hiyo pekee inayotupa kivuli.

Mnajua kuwa inawezekana kusema vingine, kwa sababu jirani zetu wa Shinyanga walifanya vingine. Miaka ya 1920 wakoloni, wakiongozwa na Swynnerton, walianzisha pale kampeni ya kufyeka vichaka ili kumfukuza mbung'o. Kufyeka ndiko kulikoitwa maendeleo. Pamba ikaja ikala mashamba mapya, mifugo ikaongezeka, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kutoka kwenye maeneo waliyokuwa wakiyatunza wenyewe. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere alikuwa ameshtushwa na alichokiona huko, na Shinyanga ikawa inaitwa jangwa la Tanzania. Jina hilo lilikuwa chungu, hasa likitoka upande wa Serikali ambayo nayo ilichangia kuleta ukame huo, lakini halikupakwa sukari. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI.

HASHI walianza kama mnavyoanza ninyi, kwa vitalu vya miche. Baadaye wakawasikiliza wazee wa Kisukuma, ambao hawakuwa na miche bali walikuwa na ngitili: eneo linalofungwa mvua zikiwa zinanyesha, nyasi zikue, ng'ombe wafunguliwe kiangazi. Ukilifunga eneo, visiki vilivyokuwa vimelala ardhini vinachipua vyenyewe. Mwanzoni ngitili zilizofahamika zilikuwa kama hekta 600. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilihesabiwa zaidi ya hekta 300,000, katika mamia ya vijiji. Kinachonivutia katika takwimu hiyo ni kwamba inahesabu kilichosimama. Huwezi kuzindua ngitili. Hakuna utepe wa kukata, hakuna shimo la kutia koleo, na asiyeingiza ng'ombe wake mahali hapigwi picha. Pengine ndiyo sababu ngitili haisikiki sana kwenye hotuba za leo, ingawa Shinyanga ni mwendo wa saa chache tu kutoka hapa.

Niachane na miti, nije mwaloni.

Mwaka 2018 tulipata Operesheni Sangara. Waziri wa Mifugo na Uvuvi wa wakati huo, Luhaga Mpina, alikuwa na hoja. Sangara wachanga walikuwa wanamalizwa, na nyavu za kokoro na timba zilikuwa zinakomba mazalia. Sangara aliyeruhusiwa wakati huo alikuwa wa sentimita 50 hadi 85: aliye chini ya hapo hajazaa, aliye juu ya hapo ndiye mzazi mwenye mayai mengi. Mvuvi mzoefu haikatai hesabu hiyo. Lakini iliyotufikia haikuwa lugha ya hesabu, ilikuwa lugha ya vita. Watu walisakwa, nyavu ziliteketezwa, na kila kijiji cha kando ya ziwa kikageuka eneo la adui. Nyavu zilirundikwa mchangani, zikamwagiwa mafuta, zikawashwa kamera zikiwa tayari. Nyavu ni nailoni, waheshimiwa. Moshi wake ni mweusi na unakaba koo, na unapozima hubaki mabonge yaliyogandamana na mchanga, ambayo mawimbi huyavuta kidogo kidogo kuyaingiza ziwani. Jioni taarifa ya habari ikasema ziwa limelindwa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku nchi nzima kwa sababu plastiki inaua mazingira. Sikumsikia kiongozi aliyeziweka habari hizo mbili upande kwa upande.

Nyuma kidogo, Juni 2018, maafisa wa uvuvi waliingia na rula kwenye mgahawa wa Bunge Dodoma, wakapima samaki waliokuwa wakiuzwa humo, mwenye biashara akatozwa faini. Wabunge walikuja juu. Kwa siku chache watunga sheria wetu walionja kile ambacho mama muuza samaki wa mialoni alikuwa anakionja kila gari la doria linaposimama. Ningetamani wangeendelea kukionja kidogo zaidi, wapate kuuliza maswali yaliyofuata. Nyavu zile ziliingia nchini kupitia mpaka gani? Ziliuzwa kwenye duka gani lenye leseni? Katika mnyororo mzima wa nyavu haramu, aliyechomewa mali ni mtu wa mwisho, naye ndiye aliyetajwa kwenye hotuba.

Magugu maji nayo yana hadithi ya namna hiyo. Yalipoenea ziwani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, mradi wa hifadhi ya mazingira ya Ziwa Victoria ulileta mbawakavu wa kuyala, wavuvi wa mialoni mbalimbali wakasaidia kuwafuga na kuwasambaza, yakapungua sana. Majukwaani ukatangazwa ushindi. Mwanzoni mwa 2025 gugu jingine, la aina ya salvinia, likafunika maji ya Kigongo na Busisi hadi vivuko vikashindwa kwenda. Ziwa halikuwa limesaini mkataba wa kushindwa.

Sasa naja kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu huenda ndani yake mlikuwa mnasema kweli.

Machi 2022 maji ya Mto Mara yalibadilika rangi, yakatoa harufu, samaki wakaelea wamekufa. Waziri Selemani Jafo, aliyekuwa na dhamana ya mazingira, aliunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele. Ripoti ikatoka: chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mimea iliyooza, vilivyoimaliza oksijeni ndani ya maji. Nchi ilicheka, halafu ikakasirika. Huku Usukumani watu waliulizana, kwani ng'ombe wetu wameanza lini kunya? Mifugo imekunywa mto ule tangu enzi za mababu wa mababu na samaki walikuwepo. Na kila aliyecheka alikuwa na jambo jingine kichwani, mgodi wa dhahabu wa North Mara. Mwaka 2009 wanavijiji walilalamikia maji ya mgodi huo kuingia Mto Tigithe, unaoingia Mto Mara. Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lenyewe liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa kuvuja kwa bwawa la topesumu. Miaka mitatu baadaye samaki wanakufa, na kidole kinanyooshewa ng'ombe.

Lakini subirini. Mwaka 2018 watafiti waliofanya kazi kwenye mto huo huo, upande wa Kenya, walichapisha walichokiona: kinyesi cha viboko hurundikana kwenye madimbwi kiangazi, mvua kubwa ikija hukisukuma chote kwa mkupuo, oksijeni inakwisha majini na samaki wanakufa kwa wingi. Kwa hiyo kinyesi kuua samaki si hekaya. Mimi si mkemia, siwezi kusema kamati ilipatia au ilikosea. Ninachoweza kusema ni kwa nini haikuaminika hata kabla ya kusomwa.

Kwa miaka mingi mtu anayeishi jirani na mgodi amekuwa akitajiwa kosa lake kwa sauti ya juu na kosa la mwekezaji kwa sauti ya chini. Akikata mti mmoja ni mharibifu. Bwawa la mgodi likivuja ni changamoto, ni hitilafu ya kiufundi, mazungumzo yanaendelea, Serikali imejipanga. Amesikia hivyo hadi amezoea kutafsiri: wakimtaja mnyonge kwa jina, ujue mkubwa amefichwa. Ilipokuja ripoti iliyomtaja ng'ombe, mnyonge kuliko wanyonge wote, aliitafsiri kwa kamusi hiyo hiyo mliyomfundisha. Mkazi wa Kirumi, kando ya Mto Mara, alihitaji karatasi ya vipimo isomwe mbele yake: maji yalichotwa wapi, siku gani, na nani, yakapimwa maabara ipi, oksijeni ilikuwa kiasi gani juu ya mgodi na kiasi gani chini yake. Kilichomfikia kwa redio ni hitimisho.

Hili si la awamu moja. Filamu ya Hubert Sauper iitwayo Darwin's Nightmare ilipowaonyesha walimwengu watu wakianika mapanki huku minofu ikipakiwa kwenye ndege, mwaka 2006 Rais Kikwete aliishutumu hadharani, na Mwanza watu wakaandamana kuipinga. Filamu ile ilikuwa na kasoro zake, nakubali. Lakini mjadala mzima ukageuka kuwa wa heshima ya nchi, na swali la nani anakula sangara na nani anakula mifupa yake likaachwa mwaloni. Mwaka 2018, katika mjadala wa bwawa la Mto Rufiji, tuliambiwa na Rais Magufuli kwamba umeme wake ungeokoa misitu kwa sababu watu wangeacha mkaa. Hoja hiyo ilistahili kupimwa na kujadiliwa. Bungeni, Kangi Lugola, ambaye wakati huo alikuwa naibu waziri wa mazingira, alionya kwamba watakaoupinga mradi watafungwa. Kama hoja ilikuwa nzuri hivyo, jela ilikuwa ya kazi gani?

Turudi Geita, kwenye zebaki, maana hiyo inagusa sufuria zetu.

Tarehe 17 Machi 2019 Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alifungua soko la dhahabu la Geita, la kwanza la aina yake nchini. Tangu hapo, na kila mwaka kwenye maonesho ya teknolojia ya madini pale Bombambili, mchimbaji mdogo anasifiwa kama nguzo ya uchumi. Anavalishwa kofia, anapigwa picha na mawaziri. Ikifika Juni mtu huyo huyo ni mharibifu wa mazingira, mtumiaji wa zebaki. Na ni kweli anaitumia: anasaga mawe kwenye karasha, anaosha, anatia zebaki ikamate dhahabu, kisha anaichoma kwenye kikaango, mvuke unapanda usoni mwake na mwa mkewe. Lakini gramu iliyouzwa sokoni, ikalipiwa mrabaha, ikatajwa kwenye makusanyo, ilikamatwa na zebaki hiyo hiyo. Hamwezi kuipokea gramu Septemba na kuikana zebaki Juni.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Jina hilo mnalitaja kwenye hotuba, ila hamtusimulii lilitoka wapi, na sisi ndio tungelielewa kuliko wote, kwa sababu Minamata ni mji wa wavuvi nchini Japani. Kiwanda kilimwaga zebaki baharini, samaki wakaila, watu wakawala samaki, watoto wakazaliwa na vilema. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Serikali ya Japani ilikubali rasmi kwamba chanzo ni kiwanda mwaka 1968. Kwa miaka 12 katikati hapo viongozi walikuwa wakisema, kwa maneno ya adabu, kwamba suala linachunguzwa.

Watafiti wa mradi wa UNIDO waliokuja Rwamagasa miaka ya 2000 walikuta zebaki nyingi kwenye marudio, lakini samaki wa ziwani kwa jumla walikuwa chini ya kiwango cha hatari. Ilikuwa habari njema, na ni ya zamani sana. Tangu wakati huo maduara na mitambo ya kuchenjua imeongezeka mno. Tunaomba samaki wa Nkome wapimwe na matokeo yasomwe Nkome, kwa Kiswahili, mbele ya watu wanaowala. Yakiwa mabaya, yasomwe vilevile. Tumezoea habari mbaya; ziwa linatupa nyingi bila kupitia kwa msemaji.

Jambo la mwisho ni mitungi. Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, na wiki iliyofuata akaenda Paris akiwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa kimataifa kuhusu jambo hilo. Naliunga mkono. Moshi wa kubanika sangara umewaharibu macho na vifua mama wengi wa mwaloni huu. Lakini mnapopanda jukwaani mnahesabu mitungi mliyogawa. Mtungi wa kilo sita haubaniki sangara, na hata chai hauichemshi gesi ikiisha na hela ya kujaza ikiwa haipo. Nimeingia nyumba ambamo mtungi umefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake kuna redio, na mama yuko nje anapuliza mafiga. Kwenye taarifa ya halmashauri, nyumba hiyo imehamia nishati safi. Mkitaka hesabu ya kweli, muulizeni muuza gesi. Ana daftari: nani alikuja kujaza mara ya pili, ya tatu, na nani hakurudi.

Niwe mkweli upande wetu pia, maana na sisi tumeijua lugha yenu. Mvuvi akikamatwa na kokoro atasema si lake, alipewa na mtu. Akivua sato mkubwa, hilo ni jasho lake. Tukikata mti kwenye msitu wa hifadhi ili tupate matimba ya duara, tunasema maisha yametulazimisha. Tukipanda michungwa mitatu nyuma ya nyumba, tunamwita jirani aje aione. Lakini sisi hatuna kipaza sauti wala bajeti, na tukikosea kuna operesheni inatusubiri. Kwenu hakuna operesheni ya hotuba.

Kwa hiyo naomba tuianzishe, ndogo na isiyo na gharama. Kiongozi yeyote atakayekuja Nkome kuzungumzia mazingira, kabla hajafungua hotuba mpya, asome kwanza ile iliyosomwa mwaka uliopita na yeye mwenyewe au na aliyemtangulia, sentensi kwa sentensi, atuambie kila ahadi imefikia wapi. Miti tuliyosema tumepanda, iliyo hai ni mingapi, na ofisa gani aliihesabu. Vipimo vya maji tulivyoahidi, hivi hapa. Nyavu tulizochoma, sangara wameongezeka au hawakuongezeka. Palipo na kosa la Serikali, litajwe lina mwenyewe, kwa cheo, kama linavyotajwa kosa la mvuvi. Palipo na kosa la mgodi, utajwe mgodi. Asiyekuwa na jibu aseme hana. Tutampigia makofi kuliko tulivyowahi kumpigia yeyote, na safari hiyo hayatakuwa ya adabu.

Mkiona aibu kuisoma ya zamani mbele ya wageni, ombeni nakala yake kwa mtendaji wa kata, anazo faili. Miche msije nayo Juni. Ileteni Novemba mvua ikinyesha. Juni leteni hotuba ya mwaka jana.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Nkome, Geita